Kamba ya Kisima cha Sadaka

Jumatatu, 12 Aprili 1999

Daftari hili lilibaki nilipomaliza kidato cha nne mwezi wa Novemba. Kurasa za mbele zilikuwa za kemia, nimezikata. Mama anauza mboga sokoni Kombani, na amenilipia miezi mitatu nijifunze uwekaji hesabu Msambweni. Ninakaa hapa Munje kwa Bibi Twaiba kwa sababu kutoka kwake ninaweza kwenda kwa miguu.

Leo ilikuwa siku ya kwanza. Tuko kumi na mmoja katika chumba kilicho nyuma ya ghala la mbata, na madaftari yetu yameshaanza kunuka nazi. Mwalimu anaitwa Fridah, ametoka Meru. Aliniomba nirudie jina langu mara tatu. Mara ya tatu msichana niliyeketi naye, Kanze, akasema kwa niaba yangu, "Ni Esha, Mwalimu. Sauti yake iko ndani."

Jumanne, 13 Aprili

Mvua kidogo alfajiri. Mizani ya hesabu zangu imelingana nilipojaribu mara ya pili.

Alhamisi, 15 Aprili

Mwalimu Fridah leo aliandika swali ubaoni: biashara hutumia nini bila kukiandika? Akatuambia tusikilize. Upande wa pili wa ukuta mlinzi wa ghala alikuwa anakohoa, kama anavyokohoa kila siku kwa sababu ya moshi wa kukaushia nazi. Mwalimu akasema ghala lina kitabu cha magunia, kitabu cha mishahara na kitabu cha malori. Je, kile kikohozi kimeandikwa kitabu gani?

Alisema kuna watu wanaojaribu kuandika hesabu za namna hiyo: biashara imechukua nini kwa watu na kwa ardhi, na imerudisha nini. Anaziita hesabu za jamii na mazingira. Griffin, ambaye baba yake ni fundi wa pampu katika hoteli iliyo ufukweni Munje, aliuliza kama hilo litakuja kwa mtihani. Mwalimu akajibu kwamba halitakuja.

"Basi si tuachane nalo, Mwalimu? Tutakufa bure na kikohozi cha mzee."

Walicheka wote, na mimi pia. Lakini njiani nilikuwa ninaangalia kila kitu, lori la mawe, jiko la mama muuza mihogo, nikijiuliza kitabu chake kiko wapi.

Jumatatu, 19 Aprili

Tumekubaliana kuiandikia hesabu ile hoteli. Kila mmoja kitu chake. Kanze amechukua njia ya kwenda pwani iliyozibwa kwa ukuta. Griffin amechukua ajira, maana anasema lazima mtu aandike pia mazuri, na Mwalimu akamsifu. Mimi nimepewa maji. Sikuomba. Kanze aliwaambia kwamba ninalala hatua kumi kutoka kisimani.

Kisima alikichimba babu yangu mwaka wa sabini na moja, na akakitoa sadaka. Yeyote anachota, saa yoyote, hata asiyesalimia. Babu amekufa lakini Bibi anasema kila ndoo inayotoka bado inamfikia. Ndiyo maana anakiangalia kama mtoto mchanga.

Hoteli ilichimba kisima chake kwa mashine mwaka wa tisini na nne, kikaenda chini mara tano ya chetu. Kutoka uani kwetu unasikia pampu, mlio kama wa nyuki walio ndani ya debe.

Jumatano, 21 Aprili

Mvua tangu usiku. Kiwanja chote ni matope.

Ijumaa, 23 Aprili

Mvua. Chai ya Bibi ina munyu. Nilidhani amekosea sukari na chumvi, akacheka. Amesema ni maji ya kisima.

Jumatatu, 26 Aprili

Nimemwambia Mwalimu kwamba sijui pa kuanzia. Akasema anza kwa kuhesabu: ndoo ngapi zinatoka kwa siku, watu wangapi, kutoka nyumba ngapi. Nilimwuliza Bibi wakati anapepeta mchele kama ninaweza kukaa kisimani na daftari. Hakuniangalia. "Babu yako alikitoa kwa ajili ya Mungu," alisema. "Sasa wewe unataka kumpelekea Mungu risiti?"

Sikuuliza tena.

Jumatano, 28 Aprili

Nimefanya jambo ambalo sijui kama ni zuri. Nikikaa mlangoni mwa jiko kukuna nazi, kisima ninakisikia ingawa siwezi kukiona. Kila ndoo inapogonga ukingo, ninatia kokoto moja katika kopo la kakao. Siandiki jina la mtu. Leo kokoto mia moja na nne.

Alhamisi, 29 Aprili

Mia na kumi na tisa. Mvua kubwa, na bado watu wanachota. Kwa nini hawakingi maji ya mvua? Kanze anasema wengi wanakinga, ila ya kunywa wanataka ya kisima, ili babu yangu apate thawabu. Sikujua hilo.

Jumanne, 4 Mei

Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu. Hoteli inaomba ruhusa ya kuchimba kisima cha pili cha mashine, upande huu, karibu na mnazi wetu wa mwisho, ulio mpakani. Atakayekuwa na neno alilete barazani Alhamisi, tarehe kumi na saba Juni, mbele ya afisa wa maji kutoka Kwale.

Nilimsomea Bibi. Akaniambia nisome tena pale palipotaja mnazi.

Jumamosi, 8 Mei

Leo ndoo haikufika. Niliitupa nikasikia inapiga ukuta, inabembea hewani. Mvua ya wiki tatu, kila shimo la barabarani limejaa, bwawa la vyura limefika mlangoni mwa madrasa, na maji ya kisima yamekwenda chini. Bibi alileta kipande cha kamba ya buluu ya kuanikia nguo, akakifunga mwisho wa kamba ya zamani, upande wa kushikia, akakaza kwa meno. Nikamwambia pole. Akasema, "Masika sijawahi kufunga. Kiangazi, ndiyo."

Nimewaza jambo hilo siku nzima. Ikiwa mvua inaingia ardhini, inakwenda wapi?

Jumatatu, 10 Mei

Hoteli imefunga kwa msimu wa mvua. Wageni hawapo, lakini pampu inalia. Griffin anasema wanajaza bwawa jipya la kuogelea na kumwagilia nyasi walizopanda. Kumwagilia nyasi katika mvua! Griffin akasema hata baba yake anashangaa, ila ameambiwa awashe, anawasha.

Jumatano, 12 Mei

Mia na tatu. Mvua.

Jumapili, 16 Mei

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Bibi alikuwa anatafuta kopo la kuwekea ufuta. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka na makopo yangu manne mbele yake, amemimina kokoto kwenye ungo. Aliniuliza ni kete za mchezo gani. Ningeweza kusema bao. Bibi hasomi maandishi yetu, anasoma Kiarabu tu, asingejua kamwe. Nikamwambia ukweli, kwa sauti ndogo hata ikabidi niseme mara mbili, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Hakunigombeza. Alizichota kokoto kwa viganja viwili, akatoka kwenye mvua, akazimwaga njiani, akarudi kwa nyingine. Safari tatu. Nilitaka kumsaidia, akasogeza ungo. Kisha akasema, bado amenipa mgongo:

"Miaka ishirini na minane mtu anakunywa hapa haulizwi. Leo mjukuu wa aliyekitoa amewaandikia deni."

Nilimwambia si deni, ni hesabu ya kukitetea kisima. Akasema anayehesabu alichotoa, moyo wake umeshaanza kukirudisha. Nikamwambia sikukitoa mimi. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mimi si mtu wa kujibizana, na hasa si na yeye. Akaniangalia kwa mara ya kwanza, akasema, "Ndiyo. Si wewe."

Jioni nilichukua ndoo nikamchotee maji ya kutawadha kama kawaida. Alinipokonya kamba bila nguvu, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Akachota mwenyewe. Ana miaka zaidi ya sabini. Nilisimama pale nikisikia pumzi yake kila alipovuta.

Nimekosa. Lakini pia bado sijui tutasema nini mbele ya afisa wa maji tukifika mikono mitupu. Yote mawili yamo kichwani na hayataki kuketi pamoja.

Jumatatu, 17 Mei

Bibi amechota mwenyewe.

Jumanne, 18 Mei

Amechota mwenyewe. Mvua.

Jumatano, 19 Mei

Nilibaki darasani wenzangu walipotoka, nikamwambia Mwalimu kwamba sina hesabu ya maji na sitaipata. Nilidhani ataniambia nijaribu tena. Aliketi juu ya dawati akaniuliza Bibi alisema nini hasa, neno kwa neno. Nikamweleza. Halafu akasema kosa ni lake. Alinifundisha kuhesabu kabla ya kunifundisha kuuliza kitu ni cha nani na kinahesabiwa vipi na mwenyewe. Sijawahi kusikia mwalimu akisema hivyo. Anataka kuja kuomba radhi.

Jumamosi, 22 Mei

Mwalimu alikuja na kilo mbili za sukari na leso kichwani. Alisema shikamoo mlangoni na tena ndani, na Bibi akaitikia marahaba zote mbili. Akaeleza kwamba kuhesabu ndoo lilikuwa wazo lake. Bibi akamjibu kwa upole kwamba mgeni hana kosa, kosa ni la mwenyeji anayejua. Mimi nikaangalia chini.

Kisha Mwalimu akaomba amsaidie Bibi kuchota. Akaiteremsha ndoo polepole mpaka ikalala juu ya maji, ikaelea. Akaitikisa. Ikaelea. Bibi alivumilia kidogo, halafu akashindwa.

"Mwalimu, hiyo ndoo unaibembeleza ilale?"

Nilicheka kabla sijajizuia, na Bibi akacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alimwonyesha jinsi ya kuipindua kwa kifundo cha mkono ianguke kwa mdomo. Mwalimu aliivuta mpaka viganja vikawa vyekundu. Alipokuwa anavipuliza aliitazama kamba, akauliza kwa nini ina rangi nyingi hivyo, kama nguo ya viraka.

Basi Bibi akaketi kwenye ukingo na kumweleza. Babu aliposhindilia jiwe la mwisho, kamba ilikuwa ya makumbi ya nazi, pima sita, ikagusa maji. Makumbi yakioza Bibi anasokota mengine, lakini pima ni zile zile sita, amezipima kwa mikono yake. Mwaka wa njaa, themanini na nne, aliongeza pima moja ya katani, aliyoletewa na dereva wa lori kutoka Mackinnon Road. Mvua iliporudi akaifungua, akaitundika. Mwaka wa tisini na tano akaifunga tena. Tisini na sita akafunga ya pili, ya nailoni ya kijani. Na hii ya buluu, mwezi huu.

Mwalimu alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza hadithi nzuri. Mimi nilikuwa nimesimama na mtungi mtupu, nikihesabu miaka. Nilimwuliza Bibi kama ninaweza kuiandika kamba. Nilitarajia atakataa.

"Kisima ni sadaka," alisema. "Kamba ni yangu. Andika."

Jumapili, 23 Mei

Leo alinipa ndoo.

Alhamisi, 27 Mei

Nimeandika kila fundo: mwaka, mwezi, kamba ya nini, ilifungwa kwa nini, ilifunguliwa lini. Bibi hakumbuki tarehe lakini anakumbuka nani alizaliwa na nani alizikwa, na kwa hayo tunafika.

Kuna jambo linanisumbua. Mwaka ule wa mvua kubwa, mwishoni mwa tisini na saba kuendelea, Bibi alivifungua vipande vyote viwili, katani na nailoni. Akavifunga tena mwishoni mwa mwaka jana. Kwa hiyo hoteli ikiwepo, kisima kiliwahi kupanda.

Ijumaa, 28 Mei

Nilileta jambo hilo darasani. Griffin akasema, "Hilo si ulitoe tu, manze? Watakumaliza nalo." Kanze akamuunga mkono. Mwalimu akaniangalia mimi. Nikasema litabaki. Sauti yangu ilitoka mara ya kwanza, sikurudia.

Jumanne, 8 Juni

Mvua zinapungua. Nimejaribu kusema maneno yangu mbele ya mbuzi. Mbuzi aliondoka.

Alhamisi, 17 Juni

Baraza lilikuwa katika ukumbi wa ofisi ya chifu. Watu walijaa mpaka madirishani. Hoteli iliwakilishwa na Bi Everline wa ofisini kwao, mwanamke mtaratibu aliyesalimia wazee mmoja mmoja, na nyuma yake aliketi baba yake Griffin, Mzee Onesmus, kofia magotini. Griffin alikuwa nasi. Baba na mwana hawakuangaliana.

Bi Everline alisoma kwamba visima vya kijiji hupanda na kushuka kwa majira, na kwamba hoteli imeajiri watu sitini na wawili wa hapa. Kanze akasoma habari ya njia. Griffin akasoma hesabu ya ajira, na akasema ni sitini na wawili kweli, ila ishirini na saba wanafanya kazi miezi saba tu kwa mwaka. Alisoma akiangalia karatasi. Kisha chifu akauliza habari ya maji. Mwalimu alikuwa amekubali kunisomea, lakini Bibi aliinuka na kikapu.

"Kamba ni yangu," alimwambia chifu, "lakini anayejua kuisema ni huyu."

Nilienda mbele. Nikaitandaza kamba sakafuni, kutoka meza ya chifu mpaka mlangoni, watu wakivuta miguu kuipisha. Nikaenda juu yake polepole, fundo kwa fundo. Hapa babu. Hapa njaa. Hapa mwaka mmoja baada ya mashine ya hoteli. Hapa masika haya. Kwa sababu nilikuwa ninaangalia chini, nilisahau kuogopa. Nilisema pia habari ya mwaka wa mvua kubwa.

Bi Everline aliinua mkono. Aliuliza bila ukali: kama kisima kilipanda hoteli ikiwepo, basi si ni mvua?

Watu wakanung'unika. Mimi nikamwambia huenda ni mvua. Nikamwambia pia mwaka huo ndio wageni walikimbia ghasia za Likoni, na nilisikia hoteli ilifungwa. Huenda ni mvua, huenda ni pampu.

"Pampu ilikuwa inafanya kazi?" afisa wa maji akauliza.

Bi Everline hakuwapo mwaka huo. Akageuka nyuma. Mzee Onesmus alizungusha kofia yake mara moja, kisha akasimama.

"Mimi nilisimamishwa kazi kuanzia Septemba hadi Julai, afisa. Tulienda kwetu Siaya. Ufunguo wa pampu nilienda nao mfukoni."

Aliketi. Afisa akanigeukia. "Kwa hiyo, binti, ni ipi? Mvua au pampu?"

"Sijui," nikasema. "Lakini sasa mvua inakatika na hoteli haina wageni. Pampu ikizimwa wiki mbili, kamba itatuambia."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Haikuwa kwenye karatasi. Lilikuwa jambo nililotaka kulijua tu.

Afisa na chifu walinong'ona. Bi Everline akauliza nyasi zitafanyaje, mtu dirishani akamwambia zisali, watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Wameamua: kisima cha pili kisimame kwanza. Pampu izimwe kuanzia Jumatatu kwa siku kumi na nne. Kamba ipimwe kila asubuhi, mbele ya mtu mmoja wa hoteli. Bi Everline akamchagua Mzee Onesmus. Griffin alitoa pumzi ambayo nadhani aliishikilia tangu asubuhi.

Jumatatu, 21 Juni

Hakuna mvua. Ni mara ya kwanza kusikia uwanja wetu bila pampu. Mzee Onesmus alifika saa moja. Ndoo imegusa maji mwisho kabisa wa buluu ulipofika ukingoni.

Jumanne, 22 Juni

Hakuna mvua. Mwisho wa buluu. Bibi amempa chai.

Alhamisi, 24 Juni

Hakuna mvua. Mwisho wa buluu, au kiganja kimoja juu yake. Mzee Onesmus anasema kiganja, Bibi anasema nusu. Nimeandika nusu.

Jumamosi, 26 Juni

Maulidi. Masufuria kumi ya pilau, na kila tone kutoka kisimani. Niliogopa kwamba wamekimaliza. Sikuhesabu ndoo.

Jumapili, 27 Juni

Hakuna mvua. Viganja viwili na nusu, hata baada ya jana. Tulipima mara mbili. Mzee Onesmus alikaa kwenye ukingo, akasema miaka mitano amekuwa akiusikia mlio ule akiwa upande wa pili wa ukuta, hajawahi kufikiri unasikika pia huku.

Alhamisi, 1 Julai

Hakuna mvua siku kumi na moja. Majani ya mihogo yameanza kulegea. Maji yanapanda.

Jumapili, 4 Julai

Siku ya mwisho. Mzee Onesmus alikuja na Griffin, na Mwalimu Fridah alikuja na viatu vya kanisani. Bibi alishusha ndoo, akaipindua kwa kifundo cha mkono, na tukasikia maji kabla fundo la buluu halijamfika kiganjani. Kipande kizima kilibaki kikavu juu ya ukingo.

Mzee Onesmus alitia sahihi kwenye karatasi ya kupeleka Kwale. Aliandika polepole, na alipomaliza akairudia kuisoma.

Bibi akanipa kamba nifungue. Fundo lilikuwa limekazwa kwa meno na kwa maji ya wiki nane, likavunja ukucha wangu. Nilikaa nalo mpaka adhana ya adhuhuri. Lilipoachia, nilimpa Bibi kile kipande nikidhani atakirudisha kuanikia nguo. Akakitundika kwenye msumari wa mlango wa jiko, mahali mkono unapofika haraka.

Nikamwuliza kwa nini hapo.

"Kesho wanaiwasha," alisema.

Nimechora safu mpya katika daftari. Kushoto pampu, kulia kamba. Kesho saa moja tutapima.